Kutuza na Kutunza: Tuzo na Ruzuku za Washairi wa Marekani na Funzo Lake kwa Ushairi wa Kiswahili

1. Utangulizi



Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona kwamba katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili nimechagua mada iliyo mbali na upwa wetu, yaani namna Wamarekani wanavyowatuza na kuwafadhili washairi wao. Sababu ya uchaguzi huo si ngumu kuieleza. Katika miaka ya karibuni tumeanza kuanzisha tuzo za fasihi ya Kiswahili. Kila inapozinduliwa tuzo tunashangilia, tunapiga picha, kisha tunarudi majumbani. Ni mara chache tunajiuliza tuzo hufanya kazi gani hasa, humfaa nani, na ni jambo gani ambalo tuzo peke yake haiwezi kulifanya. Marekani ni nchi ambayo imeishi na maswali hayo kwa zaidi ya karne moja. Imefaulu katika mengine na kujikwaa katika mengine, na kumbukumbu za kufaulu na kujikwaa huko ziko wazi kwa anayetaka kuzisoma.

Hoja yangu ni moja. Nadai kwamba mfumo wa Wamarekani umesimama juu ya matendo mawili tofauti, ambayo Kiswahili kinayataja kwa vitenzi viwili vinavyokaribiana sana kwa sauti: kutuza na kutunza. Nadai pia kwamba sisi tumelichukua tendo la kwanza tukaliacha la pili.

2. Vitenzi viwili

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Katika Kiswahili sanifu cha leo, kutuza ni kumpa mtu zawadi kwa jambo jema alilokwisha kulifanya, na nomino yake ni tuzo. Kutunza ni kuangalia, kulea, kuhifadhi kitu kisiharibike. Lakini mtu aliyewahi kuhudhuria taarabu ya harusi Unguja au Mombasa anajua kwamba mipaka hiyo haiko imara kiasi hicho. Pale ukumbini, shabiki anayeinuka na kumpa mwimbaji noti huku akicheza husemwa kwamba anakwenda kumtunza mwimbaji. Kamusi zetu nazo bado huonyesha maana zote mbili chini ya kitenzi tunza, na huorodhesha umbo tunzo kando ya tuzo.

Sidai hapa kwamba nimeuthibitisha uhusiano wa kihistoria baina ya maumbo hayo. Ninachosema ni kwamba matumizi ya wasemaji yanatukumbusha jambo la maana: zawadi inayotolewa kwa wimbo ulioimbwa na malezi yanayomwezesha mwimbaji kuimba tena kesho yalikuwa katika kinywa kimoja. Tulipoyatenganisha katika usanifishaji tulipata uwazi wa istilahi, na uwazi huo nitautumia leo. Tuzo huangalia nyuma, hulipa kilichokwisha kutendwa. Utunzaji huangalia mbele, hununua muda wa kile ambacho hakijatungwa bado. Neno tulilonalo kwa fedha za aina hiyo ya pili ni ruzuku, ambalo ni ndugu wa riziki, nalo linafaa sana.

3. Tuzo za kazi iliyokamilika

Mwaka 1912, mjini Chicago, mshairi Harriet Monroe alianzisha jarida lililoitwa Poetry. Alikuwa ameona kwamba wachoraji na wachongaji hupewa tuzo katika maonyesho, ilhali mshairi hapati chochote. Aliwaendea matajiri wa mji ule mmoja baada ya mwingine akitafuta watu 100 watakaoahidi dola 50 kila mwaka kwa muda wa miaka mitano. Kwa fedha hizo aliweza kuwalipa washairi kwa mashairi yao, na kuanzia mwaka 1914 jarida likatoa tuzo yake ya Levinson, ambayo mtu wa kwanza kuipata alikuwa Carl Sandburg.

Tuzo iliyo maarufu kuliko zote ni ya Pulitzer, inayotolewa na Chuo Kikuu cha Columbia kutokana na wasia wa mwenye magazeti Joseph Pulitzer. Tuzo hizo zilianza mwaka 1917, lakini wasia haukuwa umetaja ushairi. Ushairi uliingizwa rasmi mwaka 1922, na mshindi wa mwaka huo alikuwa Edwin Arlington Robinson. Robert Frost aliipata mara nne, mwaka 1924, 1931, 1937 na 1943. Leo thamani yake ni dola 15,000. Kwa kipimo cha maisha ya Marekani, fedha hizo hazimtoshi mtu kuacha kazi. Uzito wa tuzo uko katika jina: kitabu huchapishwa upya, vyuo humwalika mshairi, na wachapishaji humfungulia mlango.

Mwaka 1950 tuzo hiyo alipewa Gwendolyn Brooks wa Chicago kwa diwani yake Annie Allen, naye akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Pulitzer yoyote. Mwenyewe alipata kusimulia kwamba habari ilipomfikia nyumba yao ilikuwa gizani, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatwa. Naomba tuishike picha hiyo. Taifa zima limemtuza mshairi, lakini taa ya nyumbani kwake haiwaki.

Zipo tuzo nyingine za aina hii ambazo kiasi chake ni kikubwa zaidi. Tuzo ya Ruth Lilly, iliyoanzishwa mwaka 1986 na kupewa kwanza Adrienne Rich, na Tuzo ya Wallace Stevens ya Akademia ya Washairi wa Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1994, zimekuwa za dola 100,000. Hizi aghalabu hutolewa kwa mshairi mkongwe kwa kazi ya maisha yake yote. Tuzo ya Kingsley Tufts, inayotolewa na Chuo Kikuu cha Claremont cha California, nayo ni ya dola 100,000, lakini imekusudiwa mshairi aliye katikati ya safari, ambaye si chipukizi wala si mkongwe. Kuwapo kwa tuzo ya watu wa katikati ni jambo la hekima. Mshairi chipukizi hupendwa kwa ugeni wake na mkongwe huheshimiwa kwa mvi zake. Anayesahaulika ni yule wa umri wa miaka 45, mwenye watoto shuleni na diwani mbili ambazo hakuna anayezikumbuka.

4. Mlango wa kitabu cha kwanza

Baina ya kutuza na kutunza lipo tendo la tatu, nalo ni kumfungulia mshairi mlango. Katika Marekani, njia kuu ya mshairi mpya kuchapisha diwani yake ya kwanza ni shindano la miswada. Mshindi hupata fedha kidogo pamoja na jambo kubwa zaidi, yaani kitabu.

Mfululizo wa zamani kuliko yote ni ule wa Chuo Kikuu cha Yale kwa washairi vijana, ulioanza mwaka 1919. Kila mwaka mwamuzi mmoja huchagua muswada mmoja, na chuo huuchapisha. Margaret Walker alichaguliwa mwaka 1942 kwa diwani yake For My People, wakati ambapo milango mingi ilikuwa imefungwa kwa mwanamke mweusi. Mwaka 1951 kilitoka kitabu cha kwanza cha Adrienne Rich, aliyekuwa bado mwanafunzi, kwa uchaguzi wa W. H. Auden. Akademia ya Washairi wa Marekani nayo ilianzisha tuzo ya kitabu cha kwanza mwaka 1975, iliyojulikana kwa muda mrefu kwa jina la Walt Whitman. Mwaka huohuo Akademia ilibadili tuzo yake nyingine ili iwe ya kitabu cha pili. Walitambua kwamba wengi husaidiwa kuingia mlangoni, kisha huachwa wamesimama ukumbini.

Mashindano haya yana gharama yake, na aghalabu anayeibeba ni mshairi mwenyewe. Mashindano mengi hutoza ada ya kusoma, kwa kawaida baina ya dola 20 na 30 kwa muswada. Tupige hesabu ya mfano. Wakishindana washairi 800, kila mmoja akilipa dola 25, zitapatikana dola 20,000. Mshindi akipewa dola 2,000 na kitabu kikachapishwa, bado kuna salio la kuendeshea shirika. Kwa hiyo, mara nyingi walioshindwa ndio wanaomtuza mshindi. Wachapishaji wadogo hujitetea kwamba bila ada hizo wasingeweza kuchapisha ushairi kabisa, na utetezi huo una ukweli. Hata hivyo, kijana anayepeleka muswada mmoja katika mashindano 20 kwa mwaka hutumia takriban dola 500, na si kila kijana anazo.

5. Ruzuku: kununua muda

Sasa nije kwenye kutunza. Mwaka 1925 Wakfu wa Guggenheim ulianza kutoa ruzuku kwa wanataaluma na wasanii. Ulianzishwa na Seneta Simon Guggenheim na mkewe Olga kwa kumbukumbu ya mtoto wao aliyefariki mwaka 1922 akiwa kijana. Anayechaguliwa hapewi kwa ajili ya kitabu kilichokwisha kutoka, ingawa kazi zake za awali hupimwa. Hupewa ili aende akafanye kazi aliyoipanga, kwa uhuru. Countee Cullen alipata ruzuku hiyo mwaka 1928, na Langston Hughes mwaka 1935. Hata Gwendolyn Brooks, niliyemtaja punde, alikuwa amepata Guggenheim mbili, mwaka 1946 na 1947, yaani kabla ya Annie Allen kutoka. Utunzaji ulitangulia na tuzo ikafuata.

Ruzuku nyingine ina sharti la kupendeza. Mshairi Amy Lowell, aliyefariki mwaka 1925, aliacha wasia wa kumwezesha mshairi mzaliwa wa Marekani kusafiri. Anayeipata hutakiwa kuishi mwaka mmoja nje ya bara la Amerika ya Kaskazini. Kwa fikra ya Lowell, mshairi hutunzwa kwa kuondolewa katika mazoea yake. MacDowell, katika mji wa Peterborough, New Hampshire, wana fikra inayotofautiana na hiyo. Pale, tangu mwaka 1907, msanii hupewa kibanda msituni na kimya. Chakula cha mchana huletwa ndani ya kikapu na kuwekwa mlangoni, ili asikatizwe kazi yake.

Vyuo vikuu vina mchango wao. Ruzuku ya Stegner ya Chuo Kikuu cha Stanford, iliyoanza katika miaka ya 1940, huwaweka waandishi chuoni kwa miaka miwili bila kudaiwa shahada. Katika Provincetown, Massachusetts, kituo kilichoanzishwa mwaka 1968 huwapa waandishi na wachoraji chipukizi makazi kwa miezi saba, kuanzia vuli hadi majira ya kuchipua, wakati ambapo watalii wamekwisha kuondoka. Ruzuku ya MacArthur, iliyoanza mwaka 1981, haiombwi. Mtu hupendekezwa na wengine bila yeye kujua, kisha siku moja hupigiwa simu. Leo thamani yake ni dola 800,000, zinazolipwa kwa miaka mitano. Miongoni mwa washairi walioipata ni Terrance Hayes mwaka 2014, Claudia Rankine mwaka 2016, Natalie Diaz mwaka 2018 na Ocean Vuong mwaka 2019.

Serikali nayo iliingia mwaka 1965, Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria iliyounda Mfuko wa Taifa wa Sanaa. Mfuko huo ulitoa ruzuku za uandishi bunifu, mwaka mmoja kwa ushairi na mwaka unaofuata kwa nathari, na kwa miaka mingi kila aliyechaguliwa alipata dola 25,000. Miswada ilisomwa bila majina. Kwa hiyo mwalimu wa kijiji asiyejulikana na profesa mwenye sifa walisimama mbele ya waamuzi wakiwa sawa.

6. Wakfu, na mkono utoao

Huenda mtu akauliza: fedha zote hizo hutoka wapi? Jibu lake halina ugeni kwa watu wa pwani. Sehemu kubwa hutoka katika wakfu. Katika mila yetu, mtu huweka shamba la minazi wakfu kwa ajili ya msikiti au kisima. Minazi haiuzwi wala haikatwi, bali nazi zake huuzwa mwaka baada ya mwaka, na pato lake hugharimia mafuta ya taa na ukarabati wa kisima. Mwenye shamba hufa, lakini taa huendelea kuwaka. Guggenheim, Pulitzer na Yale hufuata kanuni hiyohiyo. Mtaji huwekezwa, na kinachotolewa ni faida yake.

Mfano mkubwa ni wa Ruth Lilly, mrithi wa utajiri wa kampuni ya dawa ya Eli Lilly. Aliwahi kupeleka mashairi yake katika jarida la Poetry, nayo yakakataliwa kwa barua za upole. Hakuweka kinyongo. Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba ameliachia jarida hilo sehemu ya mali yake, iliyokadiriwa wakati ule kuwa na thamani ya dola milioni 100 hivi. Jarida lililoanza kwa kubisha hodi kwa matajiri 100 likageuka kuwa miongoni mwa taasisi tajiri kabisa za fasihi duniani. Kutokana na fedha hizo na nyinginezo, kila mwaka washairi watano wa umri wa miaka 21 hadi 31 walipata ruzuku ya zaidi ya dola 25,000 kila mmoja.

Lakini penye wakfu pana mutawali, na mutawali huulizwa. Mwezi Juni 2020, kufuatia mauaji ya George Floyd, wakfu huo ulitoa tamko fupi ambalo washairi wengi waliliona kuwa tupu. Zaidi ya watu elfu moja, wakiwamo waliopata kufadhiliwa na wakfu huohuo, walitia saini barua ya kudai kwamba taasisi yenye zaidi ya dola milioni 250 itoe zaidi kwa wale iliyowasahau. Rais wake na mwenyekiti wa bodi wakajiuzulu. Katika lugha yetu husemwa kwamba mkono mtupu haulambwi. Washairi wale walitufundisha kwamba hata mkono uliojaa si lazima ulambwe.

Fedha za serikali zina udhaifu wa namna nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mfuko wa Taifa wa Sanaa uligharimia mkusanyiko ambamo mlikuwa na shairi la Aram Saroyan lenye neno moja tu, lililoandikwa kwa tahajia ya ajabu. Mtunzi alipata dola 500. Wanasiasa walilikejeli shairi hilo kwa miaka mingi wakihesabu bei ya kila herufi. Mwanaisimu anaweza kutetea shairi la neno moja, kwa kuwa swali la uhusiano wa herufi na sauti ni swali la haki. Lakini bungeni hakuna kiti cha mwanaisimu. Mwezi Agosti 2025, baada ya waandishi kuwa wamekwisha kupeleka maombi yao, Mfuko ulitangaza kuufuta mpango wa ruzuku za uandishi bunifu wa mwaka 2026. Mpango wa karibu miaka 60 ulisimamishwa kwa barua pepe. Wakfu huweza kukosea, lakini ni vigumu kuung'oa kwa siku moja. Bajeti ya serikali hung'oleka.

7. Nani aamue?

Swali la waamuzi ndilo lililoleta ugomvi mkubwa zaidi. Mwaka 1949 Tuzo ya Bollingen, iliyokuwa mpya na ikitolewa kupitia Maktaba ya Bunge la Marekani, ilipewa Ezra Pound kwa kitabu chake The Pisan Cantos. Wakati ule Pound alikuwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Washington, akikabiliwa na mashtaka ya uhaini kwa sababu ya matangazo aliyoyafanya katika redio ya Italia ya kifashisti. Miongoni mwa waamuzi walikuwamo T. S. Eliot, Auden na Robert Lowell. Karl Shapiro, mwamuzi mwenzao, alipinga. Walio wengi walishikilia kwamba tuzo hupima shairi na si mtu. Wapinzani waliuliza kama shairi lenye chuki dhidi ya Wayahudi linaweza kutenganishwa na chuki hiyo. Bunge likaizuia Maktaba kutoa tuzo za namna hiyo, na Bollingen ikahamia Yale mwaka 1950, ambako ipo hadi leo. Swali lenyewe halijapata jibu, na sitajifanya kwamba mimi ninalo.

Kisa cha pili ni kidogo, lakini kina mafunzo. Katikati ya miaka ya 1950 Auden, akiwa mwamuzi wa Yale, alikuta kwamba hakuna muswada unaomridhisha miongoni mwa ile iliyomfikia. Miswada ya John Ashbery na Frank O'Hara ilikuwa imeondolewa na wachujaji kabla ya kumfikia. Auden aliwajua vijana hao, akawaomba wamletee moja kwa moja, akamchagua Ashbery. Kitabu hicho, Some Trees, kilitoka mwaka 1956, na miaka 20 baadaye Ashbery akapata Pulitzer. Tusemeje? Kwa kanuni, jambo hilo halikuwa la haki, kwa kuwa mamia ya wengine hawakuwa na rafiki wa kuwapitisha mlango wa nyuma. Kwa matokeo, fasihi ilinufaika. Ni rahisi kuhukumu mpaka pale unapoketi mwenyewe katika jopo. Mimi nimeketi katika majopo ya mashindano ya Kiswahili, na nakiri kwamba katika uwanja mdogo kama wetu jina hufutwa juu ya karatasi tu. Mizani na vina humsaliti mtunzi kabla ya ukurasa wa pili.

Mwaka 2004 Wamarekani wenyewe walifikishwa kwenye suala hilo kwa kishindo. Ilijitokeza tovuti iliyoorodhesha waamuzi waliowachagua wanafunzi wao na marafiki zao katika mashindano ambayo wengine walilipa ada wakiamini kwamba yako wazi. Lugha iliyotumika ilikuwa kali na watu waliumizwa, lakini matokeo yake yalikuwa mema. Mashindano mengi yaliandika kanuni za maadili, zikamtaka mwamuzi ajiondoe anapotambua kazi ya mtu wake wa karibu, na utaratibu wa kuchuja ukawekwa bayana.

8. Waliojijengea mlango wao

Watu waliofungiwa nje hawakungoja kanuni zirekebishwe. Mwaka 1996 washairi Toi Derricotte na Cornelius Eady walianzisha Cave Canem, makao ya mafunzo kwa washairi weusi, kwa sababu walichoka kuona mshairi mweusi akiwa peke yake katika kila darasa la utunzi. Mwaka 1999 walianzisha tuzo ya kitabu cha kwanza. Mwamuzi wa kwanza alikuwa Rita Dove, naye alimchagua Natasha Trethewey. Kitabu hicho, Domestic Work, kilitoka mwaka 2000. Mwaka 2007 Trethewey alipata Pulitzer, na kuanzia mwaka 2012 hadi 2014 alikuwa Malenga wa Taifa wa Marekani. Kundiman, iliyoanzishwa mwaka 2004, ilifanya vivyo hivyo kwa waandishi wenye asili ya Asia, na CantoMundo, mwaka 2009, kwa wale wa asili ya Amerika ya Kilatini.

Mlolongo huo wa Trethewey ndio kielelezo bora cha mfumo unapofanya kazi sawasawa: malezi kwanza, kisha mlango, kisha tuzo, kisha heshima ya taifa. Ukianza na ngazi ya mwisho, huna pa kupanda.

9. Funzo kwa ushairi wa Kiswahili

Uhusiano wa mada hii na Kiswahili si wa kulinganisha tu. Fedha na taasisi za Marekani zimekwisha kugusa ushairi wetu. Mwaka 2014 Mukoma wa Ngugi, aliyekuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Cornell, na Lizzy Attree walianzisha Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, ambayo baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Jumla ya zawadi zake ilikuwa dola 15,000. Katika tuzo za mwaka 2015 mshindi wa ushairi alikuwa Mohammed Khelef Ghassani wa Zanzibar kwa diwani yake N'na Kwetu, na mshindi wa riwaya alikuwa Anna Samwel Manyanza kwa Penzi la Damu. Fedha zilitoka kwa kampuni ya mabati ya Afrika Mashariki pamoja na chuo cha Marekani, na miswada iliandikwa kwa Kiswahili. Hilo ni jambo la kujivunia.

Tuitazame pia Tuzo ya Sillerman, inayotolewa na mfuko wa vitabu vya ushairi wa Afrika ulioanzishwa na Kwame Dawes mwaka 2012 katika Chuo Kikuu cha Nebraska. Mshindi wake wa kwanza, mwaka 2013, alikuwa Mkenya Clifton Gachagua kwa diwani ya Kiingereza iitwayo Madman at Kilifi. Kilifi ni yetu, lugha si yetu. Simlaumu mshairi, kwa kuwa kila mtu hutunga kwa lugha inayomjia. Nasema tu kwamba fedha ni kama maji, huotesha mbegu iliyopo pale zinapomwagwa. Pakiwa na tuzo kumi za Kiingereza na moja ya Kiswahili, kijana mwenye lugha mbili hahitaji kushauriwa na mtu.

Serikali ya Tanzania nayo imeanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023 katika nyanja za riwaya na ushairi. Naipongeza. Lakini tukiipima kwa vitenzi vyetu viwili, tuzo zetu karibu zote ni za kutuza. Anayepeleka muswada amekwisha kuuandika usiku, baada ya kazi, kwa gharama yake mwenyewe. Shaaban Robert alitunga akiwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya tangu mwaka 1926 hadi 1944, na tumezoea kulisimulia hilo kwa fahari. Mimi nadhani lisimuliwe pia kwa majuto. Tunahesabu vitabu alivyoandika, wala hatuwezi kuhesabu vile ambavyo forodha ilimnyima muda wa kuviandika.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, vyuo vyetu vianzishe ruzuku ya mwaka mmoja kwa mtunzi mmoja wa Kiswahili, chumba na posho ya kujikimu, bila kumdai shahada. Gharama yake haizidi ya kongamano moja. Pili, tuzo zetu ziwekewe wakfu ili zisife anapoondoka mfadhili au waziri. Hekima ya shamba la minazi tunayo tangu zamani. Tatu, kila tuzo ichapishe kanuni zake za uamuzi kabla ya kupokea miswada, na kamwe isimtoze mtunzi ada. Nne, tuwe na tuzo ya kitabu cha pili, kwa ajili ya yule aliyeachwa ukumbini.

10. Hitimisho

Narudi kwa Gwendolyn Brooks, niliyemwacha gizani mwaka 1950. Alipofanywa Malenga wa jimbo la Illinois mwaka 1968, alianzisha tuzo kwa wanafunzi wa jimbo hilo wanaotunga mashairi, na zawadi alizitoa mfukoni mwake. Mtu aliyejua maana ya kutuzwa bila taa aliamua kwamba mtoto mwenye shairi asingoje tajiri wala serikali. Hazikuwa fedha nyingi. Mtoto aliitwa mbele ya watu, akasoma, akapewa bahasha na mkono wa mshairi mwenyewe.

Hicho ndicho anachokifanya shabiki wa taarabu anapoinuka na noti yake. Hangoji kamati. Tukiwa taifa la watu wanaojua kumtunza mwimbaji kwa usiku mmoja, haitushindi kumtunza mtunzi kwa mwaka mmoja.